Fungua ya Fundi na Fungua ya Watu

Mkuu wa karakana yetu hapa Gitega aliponiomba niwaandikie ninyi mnaobaki kazini, jambo la kwanza nilimshuku. Mtu akikuambia uandike kumbukumbu zako, ama anakupenda, ama anataka kujua umeficha wapi funguo za stoo. Funguo nilirudisha, na mashahidi ninao. Vyeo vyangu nitaviacha, kwanza havikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuwasha taa. Nataka kueleza kwa nini kwenye karakana yetu hakuna ruhusa ya kusema "fungua". Kila mgeni huambiwa hivyo siku yake ya kwanza, hucheka, kisha huzoea. Hakuna aliyewahi kuniuliza sababu, nami sikuwa na haraka ya kuitoa.

Nimezaliwa mtaa wa Waswahili, mtoto wa fundi cherehani. Aliyenifundisha umeme ni Papa Byamungu, Mkongo wa upande wa Uvira, shemasi kanisani kwake, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Alisomea kazi kwa Kifaransa huko kwao, na mambo ya kazi aliyataja kwa Kifaransa hata akiwa na hasira. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya waya uliochomoza ukutani.

"Shabani, hii waya iko na kuran?"

"Haina moto, Papa."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Asubuhi ulisema umekata."

"Na mi ni nani? Mi ni mita?"

Akanipa taa ndogo yenye nyaya mbili, ya kupimia. Unaigusisha kwanza kwenye waya unaojua una moto, ili ujue taa yenyewe ni nzima. Kisha unaigusisha kwenye waya unaotaka kuushika. Kisha unarudi kwenye ule wa kwanza, maana taa inaweza kuungua katikati ya safari hiyo fupi ikakudanganya. Safari ya tatu ndiyo mnayoiruka. Msifikiri siwaoni.

Baada ya hapo alinifundisha kile alichokiita sirkwi uveri, na ambacho vitabu vya Kiswahili hukiita saketi wazi. Umeme hutoka kwenye chanzo, hupita kwenye taa, hurudi ulikotoka. Njia hiyo ikikatika mahali popote, hata kwa upana wa unywele, hakuna kinachopita. Swichi ni pengo tunalolitengeneza kwa makusudi, basi. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Watu wasichoelewa ni kwamba pengo halijafa. Msukumo wote wa umeme umesimama upande mmoja wa pengo hilo, unangoja, na ukiweka mkono hapo, mkono wako ndio unaokuwa daraja.

Nililielewa somo hilo Ryansoro, kwenye kazi yangu ya kwanza peke yangu. Lilikuwa duka la dawa. Taa haziwaki, friji imenyamaza. Mwenye duka alikuwa na hakika kwamba jirani yake, muuza vitambaa, amemkatia waya kwa wivu, na alikuwa hamsalimii wiki ya pili. Nikachomeka bisibisi ya testa, ile inayowaka taa mpinini ikigusa moto, kwenye soketi: tundu la kwanza likawaka, na la pili, ambalo halikupaswa kuwaka, likawaka pia. Kila kitu kimezimika, na kila mahali pana moto. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikafikiri mpaka nikapanda darini. Panya alikuwa ametafuna waya wa kurudi ndani ya boksi la maungio. Umeme ulikuwa unafika, unapita kwenye taa, kisha unakwama pale penye pengo. Nilimweleza mwenye duka yote hayo, nikamwambia akamsalimie jirani. Akaniangalia.

"Na huyo panya," akasema, "alitoka kwa nani?"

Nilicheka njia nzima ya kurudi Gitega. Sikujua kwamba siku moja mimi ndiye nitakayeulizia panya ametoka kwa nani.

Miaka ikapita, nikawa fundi kamili chini ya Byamungu, ndipo akaja Yeremia. Ninyi mnamwita Mzee Yeremia na mnamwogopa, lakini wakati ule alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, ana mke na watoto wawili, hana pa kusimama. Wazazi wake walikimbilia Tanzania yeye akiwa mgongoni. Alikulia kambini, akajifunza umeme kwa fundi mmoja wa Kasulu, akarudi na wengine waliorudishwa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, kila neno na kiungo chake, mpaka sisi tukaona kama anatusahihisha. Tulimwita Mtanzania. Kule, aliniambia baadaye, walimwita Mrundi.

Mwezi wake wa kwanza tulimpa kuchimba mitaro na kupandisha mabomba ya nyaya. Kwenye swichi hatukumweka. Mwishoni mwa mwezi huo mita ya Byamungu, kipimo chake cha mkononi cha umeme, ikapotea. Byamungu alikuwa ameipenda mita ile kuliko kitu chochote. Tangu aipate, ile taa ya kupimia aliyonifundishia aliiacha nyumbani. Basi akamwaga mkoba wa Yeremia mezani mbele yetu sote. Vikatoka koleo, kipande cha sabuni na picha ya harusi. Yeremia akarudisha kimoja kimoja mkobani, akasema, "Asante, Papa." Asante ile ilitukera sisi wote. Tulisema ni ya mtu anayeweka kitu moyoni. Mita haijaonekana mpaka leo. Ninaye ninayemshuku, na nadhani anaisoma karatasi hii.

Wiki moja baadaye tukapata kazi Gasorwe, kule Muyinga: kufunga mota mpya kwenye mashine ya kusaga unga karibu na soko. Tulikwenda watatu, Byamungu, mimi na Yeremia. Nawaomba msome pole pole hapa. Mashine na boksi lake la kuwashia vilikuwa ndani. Swichi kuu ilikuwa nje, nyuma ya jengo, karibu na mita ya umeme, na kati yake na ndani kulikuwa na ukuta. Byamungu alikaa kwenye boksi. Yeremia alikwenda kwenye swichi kuu, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Mimi nilisimama mlango wa nyuma, katikati yao, kupitisha maneno. Sauti ya soko ilikuwa kubwa, hawakuweza kusikiana.

Byamungu akabonyeza kitufe cha kijani. Mashine ikazunguka kinyume. Akabonyeza chekundu, ikasimama. Hilo si kosa kubwa: kwenye mota ya nyaya tatu unabadilisha nafasi za mbili, inageuka. Lakini kitufe chekundu kinasimamisha mota tu. Nyaya zinazoingia kwenye boksi zinabaki na moto mpaka swichi kuu ikatwe. Byamungu akaniita bila kugeuka.

"Ouvre!"

Kwa Kifaransa cha mafundi, kuifungua swichi ni kuweka pengo, yaani kukata. Sisi tuliofundishwa naye tulikuwa tunageuza neno hilo hivyo hivyo, fungua, na hatukuwahi kukosea. Nikapaza sauti upande wa pili:

"Fungua!"

Nikasikia swichi ikilia, ta.

"Iko wazi?" akauliza Byamungu.

"Iko wazi?" nikauliza.

"Iko wazi!" akajibu Yeremia.

"Iko wazi, Papa," nikasema.

Mita hakuwa nayo. Taa ilikuwa nyumbani kwake. Testa yangu ilikuwa mfukoni mwangu. Hakuiomba, nami sikumpa. Akaingiza mkono.

Nilimwona amekakamaa, shingo imejaa mishipa, hatoi sauti. Kisha akatupwa nyuma kwenye magunia. Nilikimbia kwenye swichi kuu. Yeremia alikuwa amesimama na mkono juu ya mpini, na mpini ulikuwa juu, kwenye kuwasha. Akaniangalia usoni, akauliza kwa utaratibu kabisa:

"Vipi, sasa inazunguka vizuri?"

Nilimsukuma nikaushusha mpini mwenyewe. Moyoni nilisema, huyu mtu amemuua Papa, na bado anatania.

Hakufa. Kiganja cha kulia kiliungua mpaka kwenye nyama, na vidole viwili havikujikunja tena. Tulimkimbiza hospitalini Muyinga. Mwenye mashine, aliyekuwa ameshasikia habari ya mkoba, alipiga kelele mbele ya soko zima: "Ni ule Mtanzania! Walimusashi sac yake, sasa anajilipa!" Polisi wakaja wakamtia kasho, mahabusu yao ya Muyinga. Mimi sikunyanyua mdomo kumtetea. Kusema kweli nilifurahi walipomchukua.

Afande aliyeandika maelezo yangu alikuwa mtu mwenye macho ya usingizi, anauliza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa.

"Ulimwambia nini?"

"Afungue."

"Akakuambia nini?"

"Iko wazi."

"Na ilikuwa wazi?"

"Hapana, afande. Nilikuta imewashwa."

"Akasema nini?"

Nikamwambia na lile la inazunguka vizuri. Akanisomea alichoandika. Kwa Kifaransa yalikuwa maneno safi kama yaliyofuliwa: aliamriwa kufungua, akasema amefungua, hakufungua, akafanya mzaha. Nikatia sahihi. Kila neno lilikuwa la kweli.

"Ye anasema aliambiwa afungue, akafungua," alisema afande akipiga muhuri. "Anatuona sisi bajinga."

Nikarudi Gitega. Siku ya nne, jua likiwa linazama, mke wa Yeremia akaja kwangu. Anaitwa Ester. Alikuwa na mtoto mgongoni na hakukaa nilipomwonyesha kiti. Aliangalia ukuta unaotutenga na jirani.

"Shemeji," akasema, "naomba ufungue redio kwanza. Ukuta huu mwembamba, na watu wanatusema."

Nikanyoosha mkono, nikazungusha kitufe, redio ikaanza kusoma matangazo ya vifo. Ester akaanza kuzungumza. Nilimwona midomo inatembea, sisikii kitu. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kitufe.

"Umesema nifanye nini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Redio. Umesema niifanye nini?"

"Nimesema ufungue redio."

"Na mimi nimefanya nini?"

Akarudi nyuma hatua moja. Nadhani aliniona nimeingiwa na kichaa.

"Umefungua, shemeji. Si hiyo inasema?"

Nikakaa chini. Maisha yangu yote nimefungua redio ikasema, nimefungua bomba maji yakatoka. Mama yangu alikuwa akisema hivyo, mke wangu anasema hivyo, na ningekuwa nyumbani mtu akaniambia fungua umeme, ningewasha bila kufikiri. Nyumbani neno hilo linawasha. Kazini, kwa sababu ya Kifaransa cha Papa, lilikuwa linazima. Nilikuwa na fungua mbili kichwani zinaishi vyumba viwili na hazijawahi kukutana. Yeremia alikuwa na moja tu, ya watu wote. Alipoulizwa kama iko wazi, alielewa njia iko wazi, umeme unapita. Akajibu ukweli.

Nikamuuliza Ester kama mumewe alimwambia chochote. Akasema aliruhusiwa kumwona mara moja. Kwamba mashine iliponyamaza, Yeremia alidhani kuna hatari ndani, akakata swichi kuu mwenyewe bila kuambiwa. Ndipo akasikia sauti yangu ikisema fungua, akafurahi kwamba wamemaliza, akawasha.

Kwa hiyo swichi ilikuwa imekatwa. Byamungu alikuwa salama. Neno langu ndilo lililorudisha moto.

Nitawaambia jambo la aibu zaidi. Sikwenda Muyinga kesho yake. Nilikaa siku mbili nikijitafutia njia. Nilijiambia labda Ester amefundishwa la kusema. Nilijiambia kwa nini achague redio, kati ya vitu vyote? Nilimshuku mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, kwa sababu nikiacha kumshuku yeye anayefuata ni mimi.

Siku ya tatu nikaenda, nikaanzia hospitalini. Papa alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kama mkate kwenye kitambaa.

"We uko upande yake sasa?" akasema nilipoanza. "Alikupa nini?"

"Papa, nyumbani ukimwambia mama afungue robine, anafanya nini?"

"Maji inatoka. Na maji inaingilia wapi hapa?"

Nilimwacha. Alikuwa fundi kuliko sisi wote, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nikaona uso wake unabadilika taratibu.

"Donc, basi, mi nilisema ouvre," akasema. "We ukasema fungua. Na ye akafungua."

"Ndiyo, Papa."

"Hakuna mwenye alidanganya."

"Hakuna."

Akauinua mkono uliofungwa. "Na mi nikaingiza mkono bila kupima. Mi, Byamungu." Kisha akaniuliza bila kunitazama: "Testa yako ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

Akageukia ukutani. Nililia pale, mbele ya wagonjwa wengine, na sikuona haya.

Kwa afande haikuwa rahisi. Alisoma karatasi ya zamani, akanitazama kwa macho ambayo hayakuwa na usingizi tena.

"We Muswahili ya Gitega," akasema, "na hukujua fungua maana yake nini?"

"Nilijua, afande. Ndiyo sababu nimerudi."

"Basi labda ni we ulitaka muzee aungue. Ukabebesha mugeni."

Alinikalisha kwenye benchi siku nzima. Nilikaa, nikapata nafasi ya kujua mtu anavyojisikia akisema ukweli na kila neno lake linageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Jioni ikaletwa karatasi kutoka hospitalini, imeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kila upande: Byamungu anasema hana mashitaka na mtu yeyote. Afande akaandika maelezo mapya, kesho yake mlango ukafunguliwa.

Yeremia alitoka amekonda. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba msamaha, nikasema machache. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema fungua, nikafungua," akasema. "Ungesema ruka, ningeruka. Sitarudia tena."

Byamungu alipona, akarudi kwao Uvira, akawa anauza balbu na waya dukani, kazi ya mikono akaiacha. Yeremia alibaki na sisi kwa sababu hakuwa na pengine. Nikapiga marufuku lile neno. Tunasema "kata" na "washa", maana hayo hata mtoto wa Gasorwe na bibi wa Kasulu wanayaelewa sawa, na anayejibu hasemi "iko wazi", anasema "nimekata". Na anayeshika waya ndiye anayekaa na fyuzi za swichi mfukoni, ili mwingine asiweze kuwasha. Mnaona, sheria mnazolalamikia hazikutoka kwenye kitabu.

Kazi yetu ya kwanza pamoja baada ya hapo ilikuwa shule moja pembeni ya mji. Yeye juu ya ngazi, mimi kwenye swichi.

"Kata," akasema.

"Nimekata."

Akashuka ngazi, akanipita bila neno, akaangalia swichi kwa macho yake, akatoa fyuzi, akatia mfukoni, akapanda tena. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Mvua ikinyesha, ngazi ikiwa ndefu, goti likimuuma, alishuka. Tulikula pamoja, nilimwoza binti yangu yeye akiwa mshenga, mkewe na mke wangu wakawa kama dada. Kwenye swichi hakuniamini hata siku moja, nami sikumlaumu hata siku moja.

Wiki yangu ya mwisho kazini tulikuwa Bugendana, kwenye zahanati. Tulikuwa wazee wawili tumetumwa kazi ya vijana kwa sababu ninyi mlikuwa na semina. Yeye juu ya ngazi.

"Kata."

"Nimekata."

Nikasikia bisibisi ikigusa boksi. Nikainua macho. Hakushuka. Alikuwa ameshalegeza skrubu ya kwanza na mkono wake unaelekea kwenye waya, polepole, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Nilikuwa nimeungoja wakati huo tangu Gasorwe. Miaka yote hiyo niliwaza kwamba ukija nitamshukuru Mungu. Badala yake nikapiga kelele mpaka muuguzi akatoka nje.

"Yeremia! Toa mkono! Shuka!"

Akautoa. Akashuka, ngazi kwa ngazi, na goti lake lile. Akaja mpaka kwenye swichi, akaiangalia. Ilikuwa imekatwa.

"Umekata," akasema.

"Nimekata."

"Sasa umenishusha kwa nini?"

"Kwa sababu umeanza kuniamini."

Yeremia akatoa fyuzi moja moja, akazitia mfukoni, akapanda tena.